Koo Moja, Njia Mbili

Mficha maradhi kifo humuumbua. Je, asiyeyaficha, ila akakosa neno la kuyataja?

Mzee mmoja wa Kangema, mkulima wa majani chai, alishindwa kumeza hata uji. Saratani ilikuwa imeuziba umio wake. Hospitalini aliwekewa stenti, yaani mrija wa nyavu za waya unaojitanua na kuifungua njia ya chakula. Tiba hiyo si ngeni nchini Kenya: katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, wagonjwa zaidi ya 900 waliwekewa kati ya 1999 na 2008. Haiondoi saratani, humrudishia mgonjwa heshima ya kula.

Siku ya pili nyumbani, mzee alinong'ona, "Koo limebana." Bintiye akamkorogea uji mwepesi. Mzee akausukuma kando. Pumzi zake zilipiga mluzi.

"Ni kumeza, Baba, au ni kupumua?"

Akaonyesha kifua.

Umio na bomba la hewa ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Stenti inapotanuka huweza kuusukuma uvimbe ukalikandamiza bomba hilo. Baadaye huweza kutokea tundu baina ya njia hizo mbili, kila funda la maji likaleta kikohozi.

Swali lile lilimrudisha mzee hospitalini usiku huo huo. Stenti ikaondolewa. Kumeza kukawa kugumu tena, lakini alipumua.

Kiswahili cha kila siku huziita njia zote mbili "koo". Anayedhani istilahi ni pambo la kamusi na aukumbuke uji ule.