Mkunazini, Unguja

Tulipofika Unguja tulikwenda kwanza Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873. Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, na Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru sakafuni. Hapo, wasema wenyeji, ndipo uliposimama mti wa kufungia watu wapigwe mijeledi. Tulisimama kimya. Waliofunguliwa walihitaji zaidi ya kuta: walihitaji sauti isiyowashtua, na mkono usioinuliwa juu yao. Twawaambia hasa walimu wenzetu, maana yako madarasa ambamo fimbo husikika kuliko somo.

Tulipotoka, hamali mzee aliyetuchukulia mizigo alijikwaa, kikapu kikamwagika. Mwenzetu mmoja akaanza kumkaripia. Mkewe akainama, akaokota vitu kimoja kimoja, akauliza, "Baba, umeumia?" Yule mwenzetu akanyamaza. Kisha akashika kikapu upande wa pili, wakakichukua wawili, yeye na mzee, mpaka bandarini.