Ovari Iliyozidiwa na Kazi

Mdogo wangu alipokaa miezi bila kuona siku zake, kila mtu nyumbani alikuwa na jibu. Shangazi alisema ana jini mahaba, jirani akaleta dawa ya kusafisha kizazi. Wote waliamini ovari zake zimelala.

Hazikulala. Baadaye alipoambiwa ana PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, nilisoma hadi nikaelewa. Kila yai hukaa ndani ya kifuko chake. Seli za nje ya kifuko, ziitwazo theka, zikichochewa na homoni ya LH itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, hutengeneza androjeni, jamii ya testosteroni. Seli za ndani huipokea na kuigeuza estrojeni. Kwa hiyo kila mwanamke ana hizo zinazoitwa homoni za kiume, na ndizo zinazozaa za kike. Kwa wengi wenye PCOS, LH iko juu, na insulini iliyozidi inazichochea theka hizo hizo, tena inalifanya ini lipunguze protini inayoishika testosteroni kwenye damu. Androjeni inazagaa. Vifuko navyo vinaanza kukua, halafu vinakwama kwenye milimita 2 hadi 9, yai lisipevuke. Ndivyo vile vidoa vyeusi vya kwenye ultrasaundi ambavyo wengi wanavidhania uvimbe wa kukatwa.

Androjeni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha mdogo wangu alfajiri. Alijifungia bafuni na kibanio na kioo kidogo, akang'oa moja moja nywele za kidevuni zilizooteshwa na androjeni hiyo, kisha akatoka amejifunga mtandio hadi shingoni hata siku za joto kali. Hilo hakuna aliyemuuliza. Waliuliza mtoto tu.

Swali la mtoto lina majibu mazuri: wengi wenye hali hii huzaa, na zipo dawa za kupevusha yai, kama letrozoli. Kinachoniuma ni kwamba mwili wake mwenyewe haukuwa kwenye mazungumzo. Yai lisipopevuka, homoni ya projesteroni inakosekana, na ukuta wa kizazi unaendelea kujengeka bila kushuka. Ukiachwa hivyo miaka, hatari ya saratani ya hapo inaongezeka. Kisukari nacho kinanyemelea kwa sababu ya ile insulini. Binti asiye na mimba aliyekaa zaidi ya miezi 3 bila hedhi anahitaji vipimo, awe anatafuta mtoto au hana hata mchumba.