Kuba Mbili za Cairo

Kuba ya Imam Shafi unaiona kutoka mbali, imeinuka juu ya makaburi ya Qarafa, na kwenye ncha yake pamesimamishwa mashua. Wenyeji husema iliwekwa itiwe nafaka za ndege. Wengine husema ni ishara ya bahari ya elimu. Al-Kamil, wa ukoo wa Ayyub, ndiye aliyeijenga mwaka 1211. Ndani, juu ya kaburi, pana sanduku la msaji la mwaka 1178, zama za Salahuddin, lililochorwa nyota ndani ya nyota na kuzungushiwa maandishi. Mtu aliyekulia kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe halipiti sanduku hilo upesi. Nililitazama mpaka mlinzi akanisogelea.

Kwetu pwani Imamu huyu hahitaji kutambulishwa. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wakifuata madhehebu yake, na hadi leo mtoto wa chuoni akifundishwa kutawadha, hufundishwa kwa Shafi.

Kutoka hapo tukaelekea kaskazini, kwa Sayyida Nafisa. Kijana wa Unguja anayesoma Al-Azhar, aliyekuwa akinitembeza, akaniambia: "Shangazi, huko shika viatu vyako mkononi, watu ni wengi." Kweli. Kwa Imamu kulikuwa na wanafunzi wachache na watalii. Huku, upande wa wanawake, hapakuwa na pa kuweka mguu. Mama mmoja ameshika uzio wa kaburi, anasema shida yake kwa sauti ya chini. Mwingine anagawa peremende, labda kwa nadhiri iliyotimia. Msikiti wenyewe si wa kale. Uliopo ulijengwa upya mwaka 1897 baada ya moto. Hawa hawakuja kutazama jengo.

Nafisa alizaliwa Makka mwaka 762, kitukuu wa Hasan bin Ali, akakulia Madina, akaolewa na Ishaq, mwana wa Jaafar as-Sadiq. Alipohamia Fustat, mji uliomezwa baadaye na Cairo, watu walimiminika nyumbani kwake hata akataka kurudi Hijazi apate nafasi ya ibada. Inasimuliwa kuwa liwali alimsihi abaki, akampa nyumba kubwa zaidi, na wageni wakawekewa siku mbili tu za wiki.

Miongoni mwa waliobisha hodi ni Shafi mwenyewe. Alipohamia Misri alikuwa akipita kwake akienda kufundisha katika msikiti wa Amr bin al-As. Alisikia hadithi kutoka kwake, na akiugua alituma mtu kumwomba dua. Alipofariki, mwaka 820, jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa Nafisa, kwa sababu yeye alikuwa amedhoofika kwa ibada na hawezi kutoka, naye akamsalia.

Hapo ndipo moyo wangu ulipouma. Chuoni tulihifadhishwa walimu wa Imamu, Malik wa Madina akiwa mbele, na jina la kitabu chake al-Umm. Mwanamke aliyempa hadithi na kumsalia maiti yake hakutajwa hata mara moja. Wasichana tuliokuwa tumeketi nyuma ya pazia tungemhitaji sana. Nilimuuliza yule kijana kama yeye alifundishwa kwao. "Hata, shangazi. Nimemjua huku huku."

Nafisa alifariki Ramadhani ya mwaka 824, akiwa amefunga. Kaburi alikuwa amelichimba mwenyewe ndani ya nyumba yake, na husimuliwa kuwa alikuwa akishuka humo kusali na kuhitimisha Kurani. Ishaq alitaka kumpeleka Madina akazikwe kwa wazee wake. Watu wa Misri wakamwendea, wakamlilia awaachie. Akakubali, akazikwa pale pale alipochimba, na Ishaq akarudi Madina na watoto wao, Qasim na Ummu Kulthum.