Mtoto wa Mwisho katika Bonde la Chamonix

Msomaji mpenzi, leo nakuomba tusafiri pamoja. Usifunge mzigo wala usihangaike na nauli. Mimi mwenyewe sijafika huko tuendako kwa miguu yangu. Nimefika kwa vitabu, ramani na picha tu. Lakini liko jambo huko linalotuhusu sana mimi na wewe, na tukifika nitakuonyesha.

Tunaanzia mji wa Geneva, nchi ya Uswisi. Twalipa ziwa mgongo, twavuka mpaka na kuingia Ufaransa, tukiufuata mto Arve kuelekea unakotoka. Mwanzoni bonde ni pana, lina mashamba na malisho ya ng'ombe. Kadiri tunavyoendelea, milima ya huku na ya huku inakaribiana. Hapo Saint-Gervais twapanda gari dogo la reli liendalo kwa umeme. Reli hiyo ilifika Chamonix mwaka 1901. Gari linapanda polepole katikati ya misonobari, kisha bonde linafunguka tena, na mji uko mbele yetu.

Chamonix uko mita 1,035 juu ya bahari. Ukiinua macho utaona Mont Blanc, yaani Mlima Mweupe, wenye mita zipatazo 4,800. Kilimanjaro chetu cha mita 5,895 kinaupita, lakini mlima huu umeinuka karibu sana na mapaa ya nyumba, hata mgeni huona kama unataka kumwangukia. Kutoka juu hushuka mito ya barafu. Si maji yatiririkayo, bali ni barafu nzito kama mwamba, isogeayo polepole mno hata jicho haliwezi kuona mwendo wake. Miaka hii, kwa ajili ya joto kuongezeka, barafu hiyo imerudi nyuma sana kuelekea mlimani.

Mjini liko kanisa la Mtakatifu Mikaeli, kwa maana bonde hili walipewa watawa wa Mtakatifu Benedikto tangu mwaka 1091. Iko pia sanamu ya mwenyeji wa hapa, Jacques Balmat, akikionyesha kilele kwa kidole. Mwaka 1760 mtaalamu mmoja wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliahidi zawadi kwa atakayeona njia ya kufika kileleni. Watu walijaribu na kurudi, walijaribu na kurudi, mpaka mwaka 1786 Balmat na daktari Michel Paccard walipofika. Hiyo ni miaka 26 ya kurudi bila kufika. Kumbuka hilo.

Sasa tuteremke mpaka uwanja wa barafu, maana ndio uliotuleta.

Mwaka 1924, kuanzia tarehe 25 Januari mpaka 5 Februari, mji huu ulipokea mashindano ya michezo ya baridi kutoka mataifa 16. Wenyeji walikuwa wamepewa muda usiotimia mwaka mmoja kujitayarisha. Walijenga uwanja mkubwa ulio wazi, wakamwaga maji yagande. Theluji nyingi ikaanguka, ikawapasa watu kuiondoa kwa makoleo. Kisha hewa ikageuka kuwa ya joto, barafu ikayeyuka, na uwanja ukawa kama ziwa. Wageni wako njiani, na uwanja ni maji! Baridi ilirudi siku zikiwa zimekwisha, na mashindano yakaanza. Hata jina la mashindano lilikuwa bado. Siku zile yaliitwa juma la michezo ya baridi. Ni mwaka 1926 tu yalipotambuliwa rasmi kuwa Olimpiki ya kwanza ya baridi. Basi waona, mji wenyewe uliingia katika kazi ile haujawa tayari.

Mchezo mmoja tu ulikuwa wazi kwa wanawake: kuteleza juu ya barafu kwa madaha. Mchezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake. Enzi zile shindano lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, mchezaji alichora maumbo juu ya barafu kwa chuma cha kiatu chake, duara na umbo la tarakimu nane, akirudia juu ya mchoro ule ule, na waamuzi wakainama kutazama alama kama mwalimu atazamavyo mwandiko. Sehemu hii iliondolewa kabisa katika mashindano makubwa baada ya mwaka 1990. Pili, alicheza kwa muziki, akizunguka na kuruka kama alivyopanga mwenyewe.

Wanawake wanane waliingia. Mmoja wao hakuwa mwanamke, bali mtoto wa miaka 11, aitwaye Sonja Henie, kutoka mji wa Norwe ulioitwa Kristiania wakati ule, na tangu mwaka 1925 huitwa Oslo. Wenzake walivaa sketi ndefu za watu wazima, yeye alivaa gauni fupi la kitoto. Mbele yake alikuwapo Herma Szabo wa Austria, bingwa wa dunia tangu mwaka 1922.

Zamu ya mtoto ikafika. Wasimuliaji wanasema kwamba katikati ya mchezo wake aliteleza mpaka ukingoni kumwuliza mwalimu wake afanye nini sasa. Alipojibiwa alirudi katikati akaendelea. Si mara moja tu! Na waamuzi wanatazama, na watu wanatazama. Szabo akapata medali ya dhahabu. Sonja akawa wa nane, yaani wa mwisho.

Nasikia ukiuliza: sasa jambo letu liko wapi? Ngoja nikuambie.

Majuzi mama mmoja alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni. Nilikuwa naandika majina ya vijana watakaoimba peke yao katika mashindano ya vigango. Akasema, "Mwalimu, naomba umfute binti yangu. Bado hajawa tayari. Ataniaibisha mbele ya watu." Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nami nikakumbuka habari yangu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilichaguliwa kutamba shairi mbele ya vyuo vingine. Siku tatu kabla, nilikwenda nikafuta jina langu mwenyewe. Nilisema sijawa tayari, na ilikuwa kweli. Lakini mpaka leo sijui nilikuwa nimepungukiwa na nini, kwa sababu sikupanda jukwaani nikaona. Aliyeshika nafasi yangu alikuwa wa tano kati ya sita. Mwaka uliofuata alipanda tena. Mimi sikuitwa tena.

Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza." Nikamsimulia habari za Chamonix.

Sitaki, msomaji, unielewe vibaya. Kutokuwa tayari kuna namna mbili. Yuko asiyekuwa tayari kwa uvivu. Huyo akipanda jukwaani anawadharau waliomwita. Na yuko aliyefanya kazi yake yote, ila bado ni mdogo kuliko jambo lililo mbele yake. Sonja alikuwa wa namna ya pili. Alianza kuteleza akiwa mdogo sana, na katika nchi yake alikuwa amekwisha kuwa bingwa. Baba yake alikuwa tajiri aliyefanya biashara ya manyoya, akaweza kumlipia walimu, nasi hatuna fedha za namna ile. Lakini jambo lililomsaidia siku ile pale barafuni halikuhitaji fedha. Ukingoni alikuwapo mtu wa kumwuliza, "Sasa nifanye nini?" na mtu yule hakuona haya kujibu mbele ya watu wote.

Hilo ndilo ninalotaka ulitazame. Twadhani mtoto huvunjika moyo kwa kuwa wa mwisho. Mimi naona huvunjika zaidi akigeuka kutazama ukingoni asione mtu, au amwone mzazi wake ameinamisha uso.

Na baadaye? Mwaka 1926 Sonja alikuwa wa pili katika ubingwa wa dunia. Mwaka 1927, huko Oslo, alimshinda Szabo. Sikufichi kwamba ushindi ule ulileta manung'uniko, kwa maana waamuzi watatu kati ya watano walikuwa wa Norwe, wote wakampa yeye, na wawili wa nje wakampa Szabo. Walakini mwaka 1928, huko St. Moritz, akiwa na miaka 15, alitwaa dhahabu ya Olimpiki, akaitwaa tena 1932 na 1936. Ubingwa wa dunia aliushika mara kumi mfululizo. Lakini nakusihi usimsimulie mtoto wako mwisho huu peke yake, kwa maana walio wengi hawafiki huko. Binti wa yule mama huenda asiwe bingwa wa jimbo wala wa kigango. Msimulie pia lile la ukingoni.

Mama yule alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, siku hiyo wazazi wanaruhusiwa kukaa mbele?" Nikamjibu, "Wanaruhusiwa, Mama." Akaaga, akaenda zake. Jina la binti yake sikulifuta.

Basi, msomaji, safari yetu imekwisha, turudi nyumbani. Na kama kwako yuko mtoto ambaye jina lake limeandikwa mahali na usiku halali kwa hofu, mwulize kwanza kama kazi yake ameifanya. Akisema ndiyo, mwache aende, nawe umfuate, ukasimame mahali atakapoweza kukuona.