Kipuri Kipya cha Zamani au Kilichochakaa?



Kwetu Kongo tulikuwa tunasema kinga. Hapa Kampala wanasema gaali. Vyovyote utakavyoiita, baiskeli ndiyo inanilisha hapa Kisenyi. Natengeneza jirani na vinu vya mahindi, pamoja na mzee mmoja aliyeanza ufundi kabla mimi sijazaliwa. Wateja wetu wanabeba unga, maji na mkaa. Wachache bado wana zile Raleigh za Uingereza, nzito, zenye breki za fito za chuma badala ya waya, walizoachiwa na baba zao.

Wenye hizo Raleigh wanauliza kila mara: nifunge kipuri cha zamani kisichowahi kutumika, kile kilicholala dukani miaka na miaka, au nibaki na kilichochakaa? Wengi wanajibu haraka kwamba kisichotumika ni bora. Mimi nasema, kwanza angalia kimetengenezwa na nini, halafu kitafanya kazi na nani.

Juzi alikuja baba mmoja mbeba unga. Kuna muuzaji alimletea seti nzima ya zamani, haijaguswa: vikombe vya gololi, kotapini, cheni, mipira ya breki, kiti cha ngozi. Bei yake ilikuwa karibu akiba yake yote, na ndani ya akiba hiyo kuna karo ya mtoto. Alitaka tumwambie ukweli kabla hajalipa. Mzee akaniambia, "Haya kijana, chambua."

Vikombe na kotapini tulichukua. Chuma kilichopakwa grisi kikakaa pakavu hakiharibiki. Vikombe vyake vilishakula vishimo. Ukizungusha ekseli kwa vidole unasikia inakwaruza. Hapo hata ukiweka gololi mpya, zitakufa mapema. Ila grisi ya zamani ilishaganda kama gundi, ikabidi tuoshe kwa mafuta ya taa na kupaka nyingine. Pia tulipima thredi. Raleigh nyingi za zamani zina thredi 26 kwa inchi pale katikati kwenye pedeli, wakati baiskeli nyingi nyingine za Uingereza zina 24. Kikombe kikikataa kuingia, usikilazimishe, utaua fremu.

Mipira ya breki tulikataa. Mpira unazeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Bonyeza kwa ukucha: ukiwa mgumu kama mfupa, hautashika rimu, hasa siku ya mvua. Fikiria mtu anateremka kutoka Mengo na gunia la kilo 100 nyuma. India na China bado wanatengeneza baiskeli za aina hii, kwa hiyo mipira ya leo inapatikana, na ni rahisi.

Cheni ndiyo inayodanganya watu. Chukua rula: vipande 24 vya cheni nzima ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa kama milimita 3, imechakaa, na meno yamechakaa pamoja nayo. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika itaruka, na itaruka pale unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Ya baba huyu ilikuwa imezidi kidogo tu, na inakaa vizuri kwenye meno yake. Tukaiosha, tukaitia oili, tukairudisha. Siku itakapofika, abadilishe cheni na meno kwa pamoja.

Kiti chake cha ngozi kilishafuata umbo lake na bado ni imara. Kile kipya kilikuwa kikavu, kinaanza kupasuka kwenye misumari. Tukaacha cha zamani.

Mwishowe alilipa chini ya nusu. Muuzaji alinuna. Lakini baba alirudi kazini kesho yake, na karo ikabaki mfukoni.

Wadogo zangu, sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kuaminiwa na mteja ni jambo lingine, hilo hakuna karatasi inayokupa. Mgeni akifunga breki mbovu, mtaa hausemi fulani amekosea, unasema "hao wakimbizi". Kwa hiyo mwambie mteja ukweli, hata kama ukweli huo unakupunguzia mauzo.

Na ninyi wa mashirika, mnapotaka kusaidia mafundi, kabla ya kununua vipuri njooni mkae nasi asubuhi moja, mwone zipi zinapanda barabara hii. Boksi la cheni mpya bila meno yake litatuletea kazi ya kurudia. Mkinunua grisi nzuri na rula ya chuma, mtakuwa mmetusaidia zaidi.