Kishikio cha Mninga

Kamera yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Olympus OM-1, niliyouziwa mwaka 1991 na mpiga picha mmoja aliyekuwa akiacha kazi hiyo pale Korogwe. Kwa mtu aliyezoea Zenit ya Kirusi, kama nilivyokuwa mimi, ilikuwa kama kushika kidude cha kuchezea. Bila lenzi ina gramu 510 tu. Ilipotoka Japani mwaka 1972, shabaha ya mhandisi wake, Maitani, ilikuwa hiyohiyo: kumpunguzia mpiga picha mzigo. Namshukuru hadi leo. Ila pamoja na kamera niliuziwa lenzi ya kuvuta, ya milimita 80 hadi 200, ya kampuni nyingine, chuma kitupu, nzito kuliko kamera yenyewe. Ukiviunganisha hivyo viwili na kuvining'iniza shingoni, lenzi ilitazama chini kama mbuzi anayetafuta majani.

Mimi niliona ni ufahari. Nilipita nayo stendi, mbele ya abiria wa mabasi ya Arusha na Moshi, nikijua natazamwa.

Mwaka huo niliitwa kupiga picha za mahafali ya darasa la saba katika shule moja ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Wazazi walinilipa nusu mapema. Sherehe ilifanyika ndani ya banda lenye mwanga hafifu, na filamu yangu ilikuwa ya ISO 100. Kwa tundu la lenzi lililofunguka hadi mwisho, kipimo kiliniambia sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inataka kwa lenzi ya milimita 200 usishuke chini ya sehemu moja ya 250, la sivyo mtetemo wa mkono utaonekana. Kanuni niliijua. Nikajiambia mkono wangu ni imara.

Katika picha 36, zilizofaa zilikuwa 9. Nilirudisha fedha, na hilo liliniuma, lakini si sana kama mama mmoja aliyeishika picha yake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, "Baba, huyu ni mwanangu, au ni moshi?" Mtoto yule alikuwa wa kwanza kumaliza darasa la saba katika ukoo wao.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Handeni, kwa barabara ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi, kwa mjomba wangu aliyekuwa akichonga mipini ya majembe na mashoka. Nilitaka anitengenezee kishikio cha mkono wa kulia, maana OM-1 mbele ni bapa, haina pa kukamata. Hakujibu. Aliichukua kamera na lenzi yake, akailaza juu ya kidole kimoja kama anavyopima shoka, akawa anaisogeza. Ilitulia kidole kilipokuwa chini ya lenzi, mbele kabisa ya pale inapoungana na kamera.

"Mjomba," akaniambia, "wewe umeshika jembe kwenye ncha ya mpini, halafu unalalamika kwamba bapa ni zito."

Ukweli ni kwamba hata viwanda vinalijua jambo hili. Lenzi ya Olympus ya milimita 300 ina pete yake yenye tundu la skrubu, ili mzigo ubebwe na lenzi, shingo ya kamera isivunjike. Warusi walikwenda mbali zaidi: Fotosnaiper yao waliiwekea lenzi ya milimita 300 juu ya kitako kama cha bunduki. Sijui nani angethubutu kutembea na kitu kile Korogwe, karibu na daraja la reli.

Mjomba alichonga ubao wa mninga unaoshikwa chini ya kamera kwa bolti ya robo inchi, ukatokeza mbele na kuikalisha lenzi kwenye mfereji mdogo. Mpini aliuweka palepale kidole chake kilipokuwa. Bolti ilikuwa ndefu mno. Tuliiongezea washa tatu ili isitoboe kitako cha kamera. Mfereji nao ulibana pete ya kulengea, akaukwangua kwa kipande cha chupa hadi pete ikazunguka. Pete ya kasi, ambayo kwenye OM-1 imeizunguka shingo ya lenzi, niliendelea kuifikia kwa kidole cha kati. Kisha akanibana viwiko hadi vikagusa mbavu, akasema nipige wakati pumzi inatoka. Sikumuuliza aliyajulia wapi hayo.

Kile kishikio kilinisaidia miaka mingi, kwenye mpira na kwenye ngoma. Sitakidai zaidi ya hapo: ndani ya banda lile, kwa filamu ile, kingenipunguzia picha mbovu, kisingezimaliza.

Nilirudi kwa yule mama, bila malipo. Kijana alivaa sare ya kuazima, kwani yake ilikwishachukuliwa na mdogo wake. Alisimama mbele ya nyumba na cheti mkononi. Kishikio nilikuwa nacho begani, lakini sikukihitaji. Nilipiga kwa lenzi ndogo ya milimita 50, hatua mbili kutoka alipo, juani.

Nilipompelekea picha mama aliisifu. Halafu akaniomba na ile ya moshi. Nikamwambia ile ni mbovu, hii ndiyo nzuri.

"Nimeiona," akasema. "Lakini kwenye ile, watu wanampigia makofi."

Nilikuwa bado sijaitupa. Nilimpa.