Jiwe la Kijani na Mguu wa Mjomba

Wengi wetu tunaokaa hapa karibu na Mwatate tunaijua ganeti ya kijani kwa kuisikia tu. Mimi nimeiona mara moja, katika kiganja cha mjomba, ndogo kama punje ya dengu. Mjomba huyo ni mchimbaji, na ndiye anayenilipia shule.

Wataalamu huiita tsavoraiti, jina lililotolewa mwaka 1974 kutokana na Tsavo. Campbell Bridges alikuwa ameigundua kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha huku kwetu Taita.

Mwalimu wa Jiografia alipofundisha miamba geu, nikauliza rangi ile hutoka wapi. Wenzangu wakacheka, eti nataka utajiri. Mwalimu akasema: tazameni chungu. Udongo ukichomwa hauyeyuki, lakini haurudi kuwa udongo tena. Basi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, matope ya baharini yalizikwa chini sana, yakabanwa na kupata joto la mamia ya nyuzi. Yalibaki magumu, ila ndani yake vitu vilihama. Kalisi iliachana na chokaa, gesi ya kaboni ikatoka, kalisi ikaungana na alumini ya udongo na silika, ganeti ikaota. Hiyo peke yake haina rangi ya maana. Ukijani huletwa hasa na vanadi, kidogo mno, iliyokuwa imenaswa na mabaki ya viumbe katika tope jeusi. Ilipoachiliwa, ikakalia kiti cha alumini ndani ya ganeti. Mabaki yenyewe yakawa grafaiti, ile ile ya penseli.

Nikakimbia nyumbani kumwambia mjomba afuate mwamba mweusi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mpwa wangu, kwani sisi huchimba vipi? Ukiona weusi, uko karibu."

Lo! Niliona haya.

Lakini grafaiti huteleza. Ndiyo maana penseli huandika: tabaka zake huachana upesi. Huachana vivyo hivyo juu ya kichwa cha mchimbaji. Likizo ya Agosti dari ya shimo iliporomoka, ikamvunja mjomba mguu. Hamkuwa na nguzo hata moja. Mwenyewe anasema nguzo zingekula pesa zangu za shule.

Sasa anatembea kwa mkongojo, na juzi nimemsikia akiulizia sururu yake. Nikachukua penseli, nikaisugua kidoleni.

"Mjomba, ona inavyoteleza."

Alikitazama kidole changu cheusi. Safari hii hakucheka. Akaniuliza nguzo ngapi zatosha shimo la futi thelathini. Hilo hatujafundishwa.